Kiputo Kwenye Mpira

Mjini walimwita Rula, na kwa miaka mingi jina hilo halikumkera hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa kipimo cha ziwa. Kila siku saa moja asubuhi alishuka ufukweni na daftari lake la jalada gumu, akatazama maji yamegusa mstari gani kwenye nguzo ya chuma yenye namba nyeusi na nyeupe, akaandika. Miaka ishirini na miwili. Aliandika akiwa na homa. Aliandika hata asubuhi ya harusi yake, suruali ya suti imekunjwa mpaka magotini, bi harusi anamsubiri. Ofisi ya maji ilikuwa hailazi bomba wala haifungi pampu bila kwanza kufungua daftari la Rula.

Siku hizo mdogo wake hakuwa na jina. Akipita sokoni watu wanaulizana, yule nani? Wanajibiwa: mdogo wake Rula, yule anayepaka grisi kwenye nyumba ya pampu. Basi. Na ilikuwa haki, maana Rula ndiye aliyempeleka kwa mkubwa kumsemea apate hiyo kazi ya grisi. Kabla ya hapo, baba yao alipofariki, Rula ndiye aliyeacha shule darasa la sita ili huyo mdogo aendelee kusoma. Yote hayo aliyafanya kwa moyo mweupe, na moyo ungebaki mweupe mpaka leo kama mdogo mtu angebaki kwenye grisi yake.

Hakubaki. Miaka mitano iliyopita walimfanya msimamizi wa nyumba ya pampu. Wakampa ofisi yenye feni, buti mpya na pikipiki ya kazini. Mwezi haujaisha, Rula akiwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akasikia mteja mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Unamjua huyu? Huyu ni kaka yake Msimamizi."

Kinyozi akasema, "Mzee, usitikise kichwa."

"Sijatikisa," alisema Rula. Lakini alikuwa ametikisika mwili mzima.

Tangu siku hiyo kitu kilimkaa kifuani na hakikutoka. Alihesabu kila kitu cha mdogo wake. Buti zile zilikuwa na chuma puani. Feni ilikuwa na kasi tatu. Na mama yao, ambaye miaka yote aliishi kwa Rula, alisema magoti yanamuuma, na kwa mdogo mtu kuna bomba ndani ya nyumba. Mama hakusema anampenda mdogo zaidi. Hakuwa na haja ya kusema. Alihama na kitanda chake.

Na ziwa nalo lilikuwa linahama. Walipokuwa watoto, gati la zege lilikuwa na maji chini yake ya kumzamisha mtu mzima na mkono wake juu. Sasa gati limesimama kwenye nyasi, na watu wamepanda maharage mpaka kwenye nguzo ya mwisho. Mito miwili iliyolijaza ilikuwa imekatwa huko juu kumwagilia mashamba makubwa, na mvua zilikuwa zinakuja zikijisikia. Redioni walisema si hapa tu, maziwa ya nchi nyingi yanakauka, na mengine yamefurika yameingia vitandani mwa watu. Wageni wa ofisini wakija kuuliza, Rula alifungua daftari kwa kidole kilicholowa mate, akawaonyesha mwaka gani, mwezi gani, sentimita ngapi. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Ziwa zima lilikuwa likifa mle ndani kwa mwandiko wake mzuri.

Lakini ziwa likirudi nyuma, kipimo hubaki nchi kavu. Ndiyo maana miaka minne iliyopita Rula alilazimika kupanda nguzo mpya ndani zaidi. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kuna msumari mkubwa wa shaba umepigwa kwenye mwamba ufukweni, na kimo chake kinajulikana. Unachukua mpira mrefu unaoonyesha ndani, unaujaza maji. Ncha moja unaiweka kwenye msumari, nyingine kwenye nguzo mpya. Maji ya kwenye mpira yakitulia, kimo cha huku ndicho kimo cha kule, na hapo unafunga vibao vya namba. Mafundi ujenzi wanapima msingi wa nyumba hivyo hivyo. Ila ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika, mwingine anautembelea mpira mwanzo mpaka mwisho kuhakikisha hakuna kiputo cha hewa. Kikibaki kiputo kirefu mahali mpira unapopinda, maji ya ncha moja yatasimama chini kuliko ya ncha ya pili, na utakuwa umepima upuuzi.

Siku ile mdogo mtu alitoka kwenye nyumba ya pampu na buti zake. "Kaka, nikushikie ncha?"

"Rudi kwenye feni yako," alisema Rula.

"Kaka, peke yako utaweza?"

"Ulipokuwa unaogeshwa, nilikuwa naweza."

Mdogo mtu alirudi ndani, akasimama dirishani. Rula alijua anatazamwa. Akafunga ncha moja ya mpira kwenye msumari kwa kamba, akakimbilia nguzoni na ncha ya pili, akafunga vibao, akakusanya vifaa vyake akipiga mluzi, bila kutembelea mpira hata hatua moja.

Sasa kiangazi cha mwaka huu pampu zikaanza kulia. Mbili ziliharibika katika mwezi mmoja. Msimamizi aliandikia ofisi kwamba maji yamekaribia mdomo wa bomba, pampu zinavuta hewa, bomba lisogezwe kwenye kina haraka. Ofisi ikafungua daftari. Daftari likasema juu ya chekeche, ule mfuniko wa matundu unaokaa kwenye mdomo wa bomba, bado kuna sentimita sabini za maji. Kwa sabini pampu haivuti hewa. Injinia wa ofisi ya maji akampigia Rula simu kumuuliza.

"Mimi siongei," alisema Rula. "Daftari ndilo linaongea. Ila mwaka jana Msimamizi alilitoa chekeche kulisafisha. Mwulizeni alilirudisha wapi."

Neno lenyewe lilikuwa dogo, likamtoka taratibu, na likamburudisha kama maji ya mtungini. Injinia akasema atakuja Alhamisi na watapima kila kitu kwa mpira kuanzia kwenye msumari. Ikionekana chekeche limepandishwa, Msimamizi atakabidhi funguo siku hiyo hiyo.

Jumanne Rula alikwenda kumsalimia mama yake. Alimkuta barazani anachambua mboga.

"Umekuja kuniona mimi au kuliona bomba?" aliuliza mama.

"Mama nawe."

"Mama nawe nini? Kila ukija jicho liko jikoni. Bomba halijaota mguu, mwanangu, lipo pale pale. Na toka jana linakohoa tu."

Mdogo mtu akaingia, mikono myeusi kwa mafuta, macho mekundu. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Msimamizi."

"Kaka, ulimwambia Injinia nimepandisha chekeche?"

"Nilimwambia akuulize."

"Nililirudisha pale pale lilipokuwa."

"Chini ya maji ya matope ulipaonaje pale pale? Una macho ya kambare?"

Mama alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

"Ile pampu iliyobaki inalia kama inatafuna kokoto," alisema mdogo mtu. "Ukiweka mkono unasikia. Nikiizima, tangi lina maji ya siku moja. Nikiiacha, inajiua. Mimi sigombani na daftari lako, kaka. Nakuuliza tu, hakuna namna yoyote limekosea?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Najua."

"Basi kama unajua, usiulize."

Akaondoka bila kunywa chai. Njiani alijisikia vizuri mpaka akaogopa kidogo. Alikuwa ameshaanza kumwona mdogo wake amerudi kwenye grisi, na mama na kitanda chake juu ya mkokoteni, wanarudi nyumbani.

Jumatano mchana alitoa mpira stoo kuuandaa. Alitaka Injinia aukute msafi, kila kitu kimekaa sawa, aone mtu wa kazi alivyo. Akauosha, akaujaza kwa kumimina maji ya ndoo, akafunga ncha moja kwenye msumari na kuuvuta mpaka kwenye nguzo. Maji yakasimama barabara kwenye alama yake ya miaka minne iliyopita. Rula akatabasamu. Kisha, kwa sababu sasa hakuwa na haraka na hakukuwa na mtu dirishani, akarudi akiutembelea mpira taratibu.

Nyuma ya mwamba, pale mpira ulipopanda bega la jiwe na kushuka upande wa pili, kulikuwa na kiputo kirefu kama mkono wa mtu. Kimetulia. Hakisogei.

Aliketi pale kwenye jiwe. Baadaye akaunyanyua mpira, akautikisa kidogo kidogo mpaka hewa yote ikatoka, akarudi nguzoni akiwa ameshajua. Maji yalikuwa yamepanda juu ya alama yake. Akapima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sentimita arobaini na tatu. Vibao alivifunga chini mno, na kitu kikifungwa chini, maji huonekana yako juu. Kila asubuhi kwa miaka minne alikuwa amewapa watu sentimita arobaini na tatu za maji ambayo hayapo. Juu ya chekeche hapakuwa na sabini. Palikuwa na ishirini na saba.

Mtu mwingine angevuka zile hatua mia mbili mpaka nyumba ya pampu akaseme. Rula alisimama, akatazama kule. Mlango ulikuwa wazi, feni inazunguka. Akaona jinsi itakavyokuwa. Kinyozi atasema, Msimamizi aliona mapema. Sokoni watasema, Msimamizi aliokoa mji, na yule kaka yake, yule mwenye daftari, kumbe alikuwa anaandika ndoto. Na mama atanyamaza, na kunyamaza kwa mama ndiko kubaya kuliko yote.

Akakunja mpira, akaurudisha stoo. Hakuwa ameamua kitu. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Alhamisi Injinia alifika mapema, mwanamke mfupi mwenye kofia ya jua na sauti ya kukimbia. Alikuwa na ziwa jingine la kukagua mchana. "Nimechoka kutembelea maziwa kama natembelea wagonjwa," alisema. "Tuanze." Wanawake walikuwa wameshakusanyika na ndoo tupu, kwa sababu mabomba ya mjini yalikuwa yamekauka alfajiri. Mama alikuwa miongoni mwao na mwavuli wake.

Rula alijaza mpira. Aliujaza haraka haraka, kwa kumimina. Mkono ulifanya wenyewe, ungeweza kusema, na yeye akauacha ufanye. Mdogo mtu alivua buti, akazifunga kamba na kuzining'iniza shingoni, akaingia majini na ncha yake mpaka kwenye nguzo. Injinia akasimama ufukweni karibu naye. Rula akabaki mwambani kwenye msumari. Kiputo kilikuwa kimekaa kwenye bega la jiwe, karibu na mguu wake, na yeye peke yake ndiye aliyekiona.

Akishasema "tayari", yameisha. Maji yatasimama kwenye alama ya zamani, daftari litakuwa kweli, na kosa litakuwa la chekeche na aliyelirudisha.

"Mpira umekaguliwa?" aliuliza Injinia.

"Yuko kaka," alijibu mdogo mtu kutoka majini. "Kaka akisema tayari, ni tayari. Tunamsubiri yeye."

Rula akamtazama. Mdogo mtu alisimama miguu imepanuka, mpira mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia kimeziba ncha maji yasimwagike. Hivyo ndivyo Rula alivyomfundisha walipopima msingi wa nyumba ya baba yao, mdogo akiwa na miaka tisa. Alimwambia, kidole hicho hukiondoi mpaka mimi nitamke. Mtoto akasimama juani mpaka mkono ukamtetemeka, kwa sababu Rula alikuwa amekwenda kunywa maji na kumsahau. Leo huyo mtu alikuwa na mvi kidevuni na funguo za mji mfukoni, na kidole bado kilikuwa palepale. Katika mji mzima pengine ndiye pekee aliyekuwa bado anasubiri Rula atamke.

Kutoka nyumba ya pampu ilisikika ile sauti ya kokoto.

"Tayari, kaka?"

Rula alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale ulimini, limeshapikwa.

"Bado," alisema.

Akainama, akaunyanyua mpira begani mwa jiwe na kuutikisa kama alivyofanya jana. Kiputo kikavunjika vipande vitatu, vikapanda kimoja kimoja na kutoka nchani kwake kwa sauti ndogo, kama mtu anayefyonya.

"Tayari."

Mdogo mtu akaondoa kidole. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia. Injinia akasogea, akainamia nguzo, akapima, akapima tena.

"Nguzo ina kosa la arobaini na tatu," alisema. "Maji ni mita moja na kumi na mbili, daftari linasema moja na hamsini na tano." Kisha wakapima chekeche, na chekeche lilikuwa mahali pake halisi, halikusogea hata unene wa kucha. "Nani alipanda hii nguzo?"

"Mimi," alisema Rula.

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mpira wa mita arobaini, peke yako?"

Mdogo mtu alikuwa anatoka majini, suruali inachuruzika. "Injinia, kosa hilo ni langu pia," alisema haraka. "Siku ile nilitakiwa kumshikia. Sikwenda. Nilikuwa na kazi zangu."

Wanawake wakaguna, lile guno la kumhurumia mtu mwema. Mama akashusha mwavuli, akamtazama mwanawe mdogo kwa namna ambayo Rula aliijua vizuri. Na hapo lile donge la miaka mitano likampanda Rula mpaka kooni. Feni amechukua. Buti amechukua. Mama amechukua. Sasa hata kosa anataka liwe lake!

"Mwongo!" alipiga kelele. "Alikuja! Aliniomba anishikie, nikamfukuza. Nikamwambia rudi kwenye feni yako. Kosa ni langu mimi, lote, arobaini na tatu nzima. Hana hata sentimita moja humo."

Mama akasema taratibu, "Angalau mmoja wenu hajui kusema uongo." Hakusema ni yupi.

Injinia hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Bomba lisogezwe kwenye kina kuanzia kesho, na mpaka hapo pampu iwashwe saa mbili kwa siku, watu wachote kwa zamu. Rula apunguze arobaini na tatu kwenye kila siku ya miaka minne, kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wake. Na wakati anafanya kazi hiyo, kipimo kitasomwa na mtu mwingine.

"Nani?" aliuliza Rula, ingawa alijua.

"Msimamizi."

Kesho yake saa moja asubuhi Rula alishuka ufukweni vilevile. Miguu ilizoea. Alimkuta mdogo wake ameshatangulia, amesimama mbele ya nguzo na buti zake zenye chuma, daftari jipya mkononi. Kulikuwa na upepo, na maji yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye namba. Rula akabaki nyuma yake, mikono mgongoni. Mkono ule ulioshika kalamu ulimtia wivu kuliko feni na pikipiki na bomba la ndani kwa pamoja.

"Kaka," alisema mdogo mtu bila kugeuka. "Na mawimbi haya mtu anasoma wapi? Juu ya wimbi au chini?"

Alikuwa anajua. Rula alijua kwamba anajua, yeye ndiye aliyemfundisha.

"Katikati," alisema. "Subiri mawimbi kumi, chukua katikati."

Wakasubiri. Wote wawili walihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Moja na kumi na moja?"

Rula akasogea mpaka maji yakamwingia kwenye viatu, akakaza macho. Jana ilikuwa kumi na mbili.

"Moja na kumi na moja," alisema. "Na uandike vizuri. Mwandiko wako mbaya toka shuleni."